Kwenda Kaboya kumsalimia Somo

Babu alifariki mwezi wa sita. Arobaini ikasomwa mwishoni mwa Julai, na katikati ya Agosti mimi na shangazi yangu tukafunga safari ya Kagera ambayo mwenyewe aliikwepa kwa zaidi ya miaka arobaini. Nimerudi Temeke wiki ya tatu sasa. Haya nimeyapanga kutoka kwenye picha za simu na daftari langu la vipimo, maana ndilo nililokuwa nalo mkobani: upande mmoja madirisha ya aluminiamu ya mteja wangu wa Mbagala, upande wa pili nauli na majina ya vituo. Pale ambapo picha hazikuruhusiwa nimeandika kwa kukumbuka tu.

Kwa wasiomjua, Babu alikuwa seremala wa Keko Magurumbasi. Kazi aliianzia Gerezani, kwa fundi mmoja wa Kihindi aliyekuwa akimpiga rula vidoleni akikosea kipimo. Alipokuwa na miaka 26, mwishoni mwa 1978, akaitwa mgambo na kupelekwa vitani, vile vya Kagera dhidi ya Uganda ya Idi Amin. Aliporudi alifungua banda lake na hakutoka humo tena. Milango ya mninga, makabati, meza za shule, lakini hasa vitanda. Vitanda vyake vilikuwa na kasoro moja iliyokuwa ikiwaudhi wateja: vilikuwa virefu. Ukiweka godoro la futi sita, miguuni panabaki nafasi ya kiganja kizima. Ukimlalamikia anakwambia ongeza mto. Na akishamaliza kitanda, kabla hajampigia mwenyewe, alikuwa anavua viatu, anajilaza chali juu ya chaga, mikono kifuani, anakaa hivyo kama dakika moja. Sisi wajukuu tulidhani anapima uimara.

Somo alikuwa rafiki yake, mwashi kutoka Songea. Walikutana kwenye mafunzo, wakakuta wanaitwa jina moja, jina la baba pia lilelile, ikawa taabu wakati wa kuita majina, basi wakaitana Somo hadi mwisho. Somo hakurudi. Miaka ya baadaye mtu alimletea Babu habari kwamba makaburi ya wenzao yako Kaboya, na majina yameandikwa kwenye mnara. Tukamwambia twende. Akasema mtu haendi kusoma jina lake makaburini akiwa bado anapumua. Ndiyo ikawa mwisho wa mazungumzo, mpaka wiki zake za mwisho alipomwambia shangazi, "Nikishatangulia, nendeni mkamsalimie Somo. Na timazi yake mwende nayo."

Timazi hiyo tuliijua. Ilikuwa ya shaba, nzito kuliko inavyoonekana, imening'inia kwenye msumari juu ya meza ya kazi tangu sijazaliwa. Babu alikuwa akiishusha siku ya kusimamisha fremu ya mlango tu.

Jumatatu, 11 Agosti. Dar hadi Dodoma

Treni ya SGR, ya asubuhi. Tiketi 31,000 kwa kila mmoja, tulikata mtandaoni. Jina kwenye tiketi lifanane na kitambulisho, na ufike mapema, kwa sababu mizigo inapita kwenye mashine kama uwanja wa ndege.

Mashine ndiyo iliyotukamata. Kijana wa ukaguzi aliitazama skrini, akamwita mwenzake, wakaomba mkoba wa shangazi ufunguliwe. Kikatoka kitu cha shaba chenye ncha, kimezungushiwa uzi, ndani ya khanga.

"Mama, hii nini?"

"Timazi."

"Ya kazi gani?"

Shangazi akaishika uzi, akaiacha ining'inie mbele ya pua ya kijana mpaka ikatulia. "Ukuta wako ukilala, hii inakwambia." Nyuma yetu foleni ikaanza kuguna. Mzee mmoja kwenye foleni akasema kwa sauti, waacheni, hao mafundi. Wakatuacha.

Safari yenyewe haina simulizi, na ndiyo sifa yake. Kufumba na kufumbua Morogoro, halafu mahandaki ya Kilosa ambako masikio yanaziba, halafu nchi inakauka, Dodoma. Saa nne hazikutimia. Babu alikuwa akisimulia jambo moja tu la vita bila kuombwa, nalo ni treni: walivyopakiwa Dar kwenye mabehewa, siku tatu hadi Mwanza, na walivyofika Tabora wakakuta msimu wa maembe, watu wanawarushia madirishani. "Nilikula maembe hadi nikasahau tunakwenda wapi." Shangazi alinunua chupa ya maji na biskuti, akatazama dirisha lisilofunguka, akasema hapa hata embe halipiti.

Gesti karibu na stendi ya Nanenane, 25,000, maji ya moto yapo ukiomba.

Jumanne, 12 Agosti. Dodoma hadi Mwanza

Basi liliandikwa saa 12 asubuhi. Lilitoka saa 2 kasoro. Tulilipa 45,000 kila mmoja, na sitalitaja jina kwa sababu nina hasira nalo.

Singida tulisimama dakika kumi na tano. Kuku wa kienyeji nusu, 12,000, mgumu kama inavyotakiwa, na njiani watu wamepanga chupa za mafuta ya alizeti zinazong'aa juani kama taa. Shangazi alitaka lita tano. Nikamkumbusha kwamba bado kuna ziwa mbele. Akanunua lita tatu. Nilizibeba mimi hadi Bukoba na kurudi.

Mkanda wa feni ukakatika katikati ya Nzega na Tinde, mahali pasipo na kivuli cha maana. Utingo akaondoka na pikipiki kutafuta mwingine. Tukakaa saa tatu. Baada ya muda wakatoka akina mama wawili kwenye nyumba iliyokuwa mbali kidogo na barabara, wamebeba ndoo ya maji na vikombe, wakaanza kuwapa watoto kwanza, kisha wazee. Mmoja akarudi akamletea shangazi kigoda cha kukalia. Shangazi hakukaa. Alikigeuza miguu juu, akachungulia chini, akapitisha kidole kwenye maungio.

"Nani kakichonga?"

"Mume wangu."

"Hakuna msumari hata mmoja."

"Misumari atapata wapi," mama akacheka, "anachongea kwa shoka."

Ndipo akakaa. Tulijaribu kutoa hela ya maji wakakataa, wakakubali michembe iwe biashara: mfuko wa 2,000, viazi vitamu vilivyokaushwa, ukivitafuna taratibu vinakufikisha mbali. Tulifika Nyegezi saa 6 usiku, bajaji hadi mjini 8,000 kwa sababu ya saa ile.

Ukisafiri na mtu mzima njia hii, gawanya. Lala Singida au Shinyanga. Shangazi ana miaka 46 tu na siku iliyofuata alikuwa anashuka ngazi kwa kushika ukuta.

Jumatano na Alhamisi, 13–14 Agosti. Mwanza

Meli ya Bukoba haiendi kila siku. Uliza kabla hujatoka nyumbani; sisi hatukuuliza, tukakaa siku mbili. Tulikula sato wa kuchoma mara tatu. Tulikwenda Igoma, kwenye makaburi ya waliozama na MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Hilo lilikuwa wazo la shangazi, na sikuliona kuwa wazo zuri kwa mtu atakayepanda meli jioni inayofuata, lakini tulikwenda, tukasoma Fatiha, tukarudi kimya kwenye daladala.

Alhamisi jioni bandarini. Meli ni Victoria, iliyoanza kazi ziwani mwaka 1961, ikachakaa, ikalala miaka kadhaa, ikakarabatiwa na kurudi majini 2020 ikiwa na jina jipya lililorefushwa. Babu aliwahi kusema alivuka ziwa kwa Victoria. Nilipomwambia shangazi kwamba ndiyo hii hii, akaweka kiganja kwenye chuma cha mlango na kukiacha hapo muda kidogo, watu wakimpita na magodoro.

Kwa watakaofuata: chukueni sweta na shuka zito. Watu wa Pwani tunadhani ziwa ni bahari. Saa 8 usiku upepo wa pale juu unaingia mifupani. Tiketi zetu zilikuwa za kukaa, na hatukumaliza laki kwa watu wawili pamoja na chakula.

Hatukulala. Ilikuwa kama saa 9, taa za Mwanza zimeshapotea na za Kemondo hazijaonekana, shangazi akaanza kusema akiwa anatazama maji. Alizaliwa Februari 1979, Babu akiwa Uganda. Alipomwona baba yake mara ya kwanza alikuwa ameshaanza kutembea, akamkimbia. Mambo ya vita hakuwahi kumuuliza. Lakini zile wiki za mwisho, usiku wa zamu yake ya kumuuguza, Babu alizungumza mwenyewe.

Alisema mkuu wa kikosi chake alipogundua kuwa ni seremala, bunduki akabaki nayo lakini kazi ikawa nyingine. Vitako vya bunduki vilivyopasuka, mipini ya sururu na majembe ya kuchimbia mahandaki, na machela. Machela ndizo nyingi. Miti miwili, magunia ya kahawa, kamba. Alifunga nyingine usiku kwa kupapasa. Msumeno wake ulikuwa wa kuazima kutoka nyumba iliyoachwa, na ulimsumbua roho kwa sababu hakumwona mwenyewe wa kumwomba.

Lukaya, Machi 1979, barabara inapita katikati ya kinamasi, hakuna pa kujificha. Hapo ndipo Somo alipopigwa. Babu na wenzake watatu wakambeba kwa machela aliyoifunga yeye mwenyewe siku mbili kabla. Somo alikuwa mrefu. Miguu ilipita mwisho wa miti, ikawa inaning'inia, na kila wanapojikwaa inagonga. Babu alikuwa nyuma, upande wa miguu. Njiani Somo akatoa timazi kwenye mfuko wa suruali, alikuwa akitembea nayo tangu Songea, akamwambia, "Nishikie." Wakampandisha lori. Basi.

"Akaniambia," shangazi akasema, "mwanangu, ile miti ningeikata mirefu kwa inchi sita zaidi. Miti ilikuwepo."

Nikakumbuka nafasi ya kiganja kule miguuni. Nikapima kiganja changu gizani. Hakifiki inchi sita, lakini changu ni cha mtu wa aluminiamu.

Ijumaa, 15 Agosti. Bukoba

Tulifika asubuhi, ukungu juu ya ziwa, mji umelala chini ya vilima. Ndizi na samaki kwa mama mmoja karibu na soko, 5,000 sahani, na ile "waitu" yao inayowekwa mwisho wa kila sentensi mpaka ukajiona mtu wa heshima. Senene haukuwa msimu wake, tulipata waliokaushwa. Shangazi alikula kwa kufumba macho, akaomba tena.

Babu hadi anakufa aliuita mkoa huu Ziwa Magharibi. Jina la Kagera lilikuja baada ya vita. Nilimwambia mwenye gesti, akanijibu kwamba baba yake naye alikuwa anauita hivyo hivyo, kisha akatupunguzia 5,000 ya chumba bila kuombwa. Siku iliyobaki ilikuwa ya kulala.

Jumamosi, 16 Agosti. Kyaka na Mutukula

Hiace kutoka stendi, 5,000 hadi Kyaka. Barabara ni lami, migomba pande zote, halafu ghafla unatoka kwenye vibanja na kuingia rweya, nyasi tupu mpaka upeo wa macho. Ukishuka kuelekea mto unaona maji ya Kagera, ya kahawia, yanakwenda kwa haraka na kimya.

Daraja la sasa silo lile. La zamani lililipuliwa na majeshi ya Amin mwanzoni mwa Novemba 1978, baada ya kuvamia na kutangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya mto ni yao. Jeshi letu lilirudi upande ule kwa daraja la muda. Msipige picha darajani. Nilikuwa hata sijatoa simu, nimeipapasa tu mfukoni, dereva akanitazama kwenye kioo na kutikisa kichwa.

Tulishuka tukatembea hadi kwenye magofu ya kanisa lililobomolewa wakati wa vita. Pale tulimkuta mzee ameketi na mbuzi wake watatu. Shikamoo, marahaba, mnatoka wapi. Shangazi akamweleza. Mzee akanyamaza, akahamisha fimbo kutoka mkono huu kwenda huu.

Alikuwa na miaka kumi na mbili. Walikimbia usiku, wakavuka mto kwa mtumbwi, mama yake amembeba mdogo wake, wakaenda kukaa kwa ndugu upande wa Muleba. Hotuba ya Mwalimu ya tarehe 2 Novemba, ile ya uwezo, sababu na nia, waliisikia kwenye redio ya jirani wakiwa huko huko ugenini. Walirudi mwaka uliofuata.

"Nyumba ilikuwepo?" nikamuuliza.

"Kuta zilikuwepo. Bati hakuna. Ng'ombe hakuna. Lakini kilichomliza mama ni milango. Walibeba milango, na fremu zake. Nyumba inakutazama kama mtu aliyeng'olewa meno." Akacheka kidogo. "Tulilala na gunia mlangoni karibu mwaka. Mpaka leo nikilala nahakikisha komeo mara mbili."

Shangazi akamuuliza mlango wa sasa ni wa mti gani. Mzee akasema twendeni mkaone. Ilikuwa dakika ishirini kwa miguu, na mbuzi nao. Mlango wa mvule, mzito, umechakaa chini kwa mvua lakini haujapinda. Shangazi aliufungua na kuufunga, akaweka sikio kwenye bawaba. Kisha akatoa timazi kwenye khanga, akaisimamisha kando ya fremu. Mzee akainama kutazama pamoja naye.

"Umelala kidogo huku," shangazi akasema.

"Ni lile tetemeko la 2016," mzee akasema. "Hapo awali ulikuwa umesimama."

Tukapewa ndizi za kuiva mkungu mzima. Nilijaribu kukataa kwa sababu ya mafuta ya alizeti. Shangazi akanifinya.

Mutukula tulifika alasiri kwa Hiace nyingine. Ni mji wa mpakani: malori, wabadilisha fedha, kituo cha pamoja cha forodha, chipsi mayai. Wa mwaka 1979 ulisawazishwa, kwa hiyo usitegemee kuona chochote. Kutoka hapa akina Babu walitembea kwa miguu. Masaka mwishoni mwa Februari, Lukaya, Entebbe, Kampala tarehe 11 Aprili, zaidi ya kilomita 200. Hatukuvuka, hatukuwa na hati za kusafiria, na ukitaka kwenda hadi Lukaya ziandae kabla. Shangazi alisimama kando ya barabara akitazama kule inakokwenda, akanunua soda mbili, moja akaniachia.

Jumapili, 17 Agosti

Kufua, kulala, kahawa ya kutafuna. Sikuandika kitu kingine.

Jumatatu, 18 Agosti. Kaboya

Ushauri kabla ya simulizi: eneo liko chini ya jeshi, kwa hiyo msijitokeze tu getini. Ulizeni utaratibu mapema, andikeni barua, wekeni nakala ya kitambulisho na maelezo ya huyo mnayemfuata. Sisi tulianza kuulizia tangu Julai, na hata hivyo tulikaa karibu saa mbili kwenye benchi. Vaeni nguo za heshima. Simu mtaiacha.

Kutoka Bukoba tulichukua gari la Muleba, tukashuka, bodaboda 3,000. Dereva wa bodaboda, kijana mdogo sana, alipojua tunakokwenda alipunguza mwendo bila kuambiwa, akafunga na redio yake.

Askari aliyetupokea alikuwa kama wa umri wangu. Alisoma barua, akasoma jina tunalolitafuta, akasoma jina la mwombaji, ambalo shangazi alikuwa ameliandika kwa ubini wa baba yake.

"Mama, hapa mmeandika jina la marehemu mara mbili."

"Hapana, mwanangu. Ni watu wawili."

Ikabidi aelezwe. Alisikiliza amesimama, na shangazi alipofika kwenye miguu ya Somo kijana akavuta kiti akakaa.

Makaburi yamepangwa kwa safu zilizonyooka, meupe, majani yamekatwa. Ni mengi, mamia, na utulivu wake si wa makaburi ya mjini ambako daima kuna mtu anafyeka au anauza maji. Katikati ni mnara mweupe wenye majina. Nilidhani nitalitafuta muda mrefu. Halikuchukua hata dakika tano. Lilikuwa pale, majina yote mawili, kama lilivyo kwenye kitambulisho cha Babu, kama tulivyoliandika kwenye kibao cha kaburi lake Temeke mwezi wa sita. Mwili ulinisisimka. Nilielewa kwa nini alikataa kuja.

Shangazi alikuwa bado anasoma. Akanigusa bega.

"Na hili hapa."

Jina lilelile, kwa mara ya pili. Majina yetu watu wa Pwani na Kusini ni machache, tunarithishana. Walikuwa watatu, basi, si wawili: mmoja alikuwa akituchongea vitanda Keko na wawili wako hapa. Yupi kati yao ni mwashi wa Songea? Nilimtazama askari. Akasema ataulizia kama kumbukumbu za vikosi zinaweza kusaidia, akaandika namba ya shangazi kwenye kiganja chake kwa sababu karatasi iliisha.

"Tuwasalimie wote," shangazi akasema. "Mwenyewe atajijua."

Tukawasalimia. Shangazi alizungumza chini chini muda mrefu, habari za nyumbani, nani kazaa, banda limebaki na nani. Aliposikika akisema "na kitanda cha mwisho alikiuza futi sita na nusu", nilisogea pembeni.

Timazi hatukuweza kuiacha, hairuhusiwi kuacha kitu, na askari aliomba radhi kabisa aliposema hivyo. Shangazi akaikunjua kwenye khanga hata hivyo. Akauliza kama anaweza kusogea karibu na mnara bila kuugusa. Askari akatazama huku na huku, akasema sogea, mama. Akaushika uzi juu, karibu na kona ya ukuta, akanyoosha mkono na kusubiri. Kulikuwa na upepo kidogo. Timazi iliyumba, ikazunguka, ikayumba tena, sote watatu tumeikodolea macho. Ikatulia.

"Vipi?" askari akauliza.

"Umesimama," shangazi akasema, akaikunja.

Jumanne, 19 Agosti, na kurudi

Tulirudi kwa basi hadi Mwanza, kupitia Muleba, Biharamulo na Geita. Pale Busisi, ambako zamani ungesubiri kivuko hadi uote ndevu, kuna daraja jipya la kilomita 3 hivi lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Tulilipita kwa dakika chache. Abiria wote walisimama kutazama, hata waliokuwa wamelala. Shangazi alilala. Mwanza hadi Dar niliandika neno moja tu daftarini: "vumbi."

Gharama zote za watu wawili, siku kumi na moja, zilifika 940,000, pamoja na mafuta ya alizeti. Ndizi za Kyaka ziliisha kabla ya Shinyanga kwa sababu shangazi aliwagawia basi zima.

Askari alimpigia shangazi juzi. Bado hajapata jibu la nani ni nani, lakini alitaka kujua kama tulifika salama.

Timazi imerudi kwenye msumari wake. Jumamosi iliyopita niliishusha, nikaenda nayo Mbagala kwa yule mteja wa madirisha, maana fremu zangu mbili zilikuwa zinagoma kuingia na nilikuwa nimeshaanza kujilaumu. Fremu ziko sawa. Ukuta wake umelala sentimita mbili. Nimemwambia, amekasirika, amesema fundi wake ana cheti.